Kuondoa Baka Mwilini: Mambo ya Kutarajia Hospitalini

Baka ni alama nyeusi au ya kahawia inayojitokeza pale seli zinazoipa ngozi rangi zinapokusanyika mahali pamoja. Karibu kila mtu mzima analo, na mengi hayana madhara. Wanaotaka kuliondoa huwa limewakera kwa kukwaruzwa na wembe au kola, au hawapendi linavyoonekana, au daktari amelitilia shaka.

Baka la kutiliwa shaka ni lile ambalo upande mmoja haufanani na wa pili, lenye kingo zisizoeleweka, rangi zaidi ya moja au upana unaozidi milimita 6. Zaidi ya yote, linalobadilika, kuwasha au kutoa damu. Huenda ikawa melanoma, saratani hatari ya ngozi. Kwa watu weusi, saratani hii huanzia mara nyingi mahali pasipoangaliwa: kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligundulika nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Doa la unyayoni linalozidi kukua lisiachwe kwa kudhaniwa kuwa ni alama ya kubanwa na kiatu.

Kabla ya kukata, daktari huuliza kuhusu kisukari, mzio wa dawa, dawa za kuzuia damu kuganda, na kama mgonjwa huota makovu yanayovimba. Swali hilo la mwisho ni zito kwetu, kwa kuwa makovu hayo, yaani keloidi, huwapata zaidi watu weusi, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Mwenye historia hiyo na baka lisilo na shaka ana sababu nzuri ya kuliacha lilivyo.

Mgonjwa hulala macho wazi. Sindano ya ganzi ndiyo inayouma: dawa huchoma kwa sekunde chache inapoingia, kisha ngozi hufa ganzi. Baada ya hapo husikia kubonyezwa na kuvutwa, si maumivu. Akisikia maumivu aseme, aongezewe ganzi. Baka lililoinuka lisilo na shaka huweza kukwanguliwa likawa sawa na ngozi, na kidonda kikapona bila kushonwa. Linaloshukiwa hukatwa lote mpaka kwenye mafuta ya chini ya ngozi, pamoja na milimita 2 hivi za ngozi nzima pembeni. Mkato huwa na umbo la jicho ili kingo zikutane bila kukunjamana, ndiyo maana mshono huwa mrefu kuliko baka lenyewe, hata mara tatu.

Kipande kilichokatwa hutiwa kwenye chupa ya formalini, dawa ya kukihifadhi, na kupelekwa maabara. Hatua hii haifai kurukwa hata kidogo, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yatatoka lini. Anayeunguza baka kwa mwanga wa leza hapati kipande cha kupima. Anayelipaka maji ya betri au kulifunga uzi nyumbani huondoa la juu tu, na seli za chini zikabaki. Kama ni saratani, huendelea kimyakimya.

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili, na dawa ya kawaida ya maumivu hutosha. Damu ikichuruzika, kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi dakika 15 bila kufunuafunua. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za kiwiliwili na miguuni baada ya siku 10 hadi 14. Wekundu unaotanuka, usaha au homa ni dalili za kurudi hospitali mara moja.

Majibu yakionyesha melanoma, daktari hukata tena eneo pana zaidi na kuchunguza tezi za jirani. Yakiwa salama, kovu hufifia polepole kwa takriban mwaka mzima. Rangi nyeusi ikirejea ndani ya kovu, daktari aonyeshwe, pamoja na ripoti ya kwanza ya maabara.