Uvuvi wa Dagaa Usiku

Mtu akishuka kutoka milima ya Mwese kuelekea magharibi hufika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kikuu ni mita 1,470 hivi. Huko dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni katika mtumbwi; baadaye wakatumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri.

Kwa nini usiku? Vidudu vidogo walavyo dagaa hupanda juu giza liingiapo, nao dagaa huvifuata. Wakiona taa huikusanyikia, na wavu huwateka. Lakini mwezi ukiwa mpevu, nuru huenea ziwani pote, na taa hupungukiwa na nguvu ya kuwavuta.

Adui wa mvuvi ni upepo. Tangu Mei hata Agosti kusi huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa. Basi mvuvi mwenye akili hutazama mbingu kabla ya kuondoka. Tena akiona ziwa laanza kuchafuka, huwaacha samaki akarudi pwani. Na mtumbwi ukipinduka, asiuache ili aogelee, bali aushike sana, maana mti huelea. Dagaa watakuwapo kesho, aliyezama harudi.