Theluji Iliyobishaniwa, Kutoka Bura Hadi London

Ukitoka Voi kwenda Taveta asubuhi isiyo na mawingu, ukishaipita Bura, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hujitokeza mbele, weupe juu ya nyika kavu. Abiria wengi wa matatu hawainui hata macho kwenye simu zao. Zamani weupe huohuo uliwagombanisha wasomi wa Ulaya.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, alifika Kasigau, huko Taita, mwaka 1847. Mwaka uliofuata alivuka nyika ya Taru, iliyoogopwa kwa ukosefu wa maji, akapita Bura kuelekea Uchagani. Msafara uliongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa njia za bara. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akauona mlima. Mwongozaji wake akamwambia weupe ule ni baridi tu. Yeye, mzaliwa wa nchi ya theluji, hakuhitaji maelezo zaidi.

Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alizikana. Theluji karibu na Ikweta? Haiwezekani! Huyo bwana hakuwahi kukanyaga Afrika, ila alikuwa na ramani zake na kiburi cha kutosha. Ubishi uliendelea hadi mvumbuzi Mjerumani, Baron Carl Claus von der Decken, alipoupanda mlima mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapita mita 4,000, na theluji ikawaangukia usiku.

Lakini Wachaga walikuwa wametangulia. Rebmann mwenyewe aliandika alivyosimuliwa kwamba Rungua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma watu wapande kuchunguza kile cheupe, akitumaini ni fedha. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wa kwanza wa Kibo, tena uliogharimu roho za watu, na hakuna chama cha jiografia kilichowapa nishani. Von der Decken alipewa ya dhahabu kule London mwaka 1864.

Bura inastahili kibao kando ya barabara, na jina la Bwana Kheri liandikwe kwa herufi kubwa sawa na la Rebmann. Na anayetaka kujionea aondoke Voi alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, wala asiahirishe kwa miaka mingi: mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikatoweka ifikapo 2050.