Ruatoka, Mwalimu Kutoka Mangaia

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za Ruatoka. Si hekaya hii. Ni mtu aliyeishi kweli, mzaliwa wa Mangaia, kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki.

Ruatoka alisomea ualimu wa dini huko Rarotonga. Mwaka 1872 yeye na mkewe Tungane, pamoja na walimu wengine wa visiwani, walitumwa na wamisionari wa London kwenda Papua, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Papua Guinea Mpya. Waliposhukia palikuwa na mbu tele. Homa ikawakamata mmoja baada ya mwingine, na baadhi wakafa. Waliosalia wakahamishwa ili wapate nafuu. Je, walikata tamaa? Hasha! Novemba 1873 walirudi, safari hii wakatua kwenye bandari ya Port Moresby.

Sasa jiulizeni: mtu atawahubiriaje watu ambao hajui hata kuwaamkia? Papua Guinea Mpya ina lugha zaidi ya 800. Milima mirefu na vinamasi viliwatenga watu kwa maelfu ya miaka, kila jamii ikakuza usemi wake. Hapo bandarini penyewe waliishi Wamotu, mabaharia wenye nyumba za nguzo juu ya maji, na majirani zao Wakoita. Walijuana, walibadilishana vitu, lakini lugha zao hazina undugu wowote.

Ruatoka hakuwa na kamusi wala kitabu cha sarufi. Alikaa kijijini na wenyeji, akawasikiliza, akajifunza Kimotu kutoka vinywani mwao. William Lawes, mmisionari Mwingereza, alipofika mwaka 1874, aliwakuta walimu wa visiwani wamekwisha kutangulia. Lawes naye akajifunza, akaandika sarufi, na mwaka 1891 Agano Jipya likatoka kwa Kimotu. Jina lake ndilo linalotajwa sana. Lakini ninyi kumbukeni kwamba Wamotu ndio waliomfundisha, na wana wa visiwani ndio waliofungua njia.

Kisha watafuta dhahabu wakaanza kumiminika. Siku moja Ruatoka alisikia kwamba mgeni mmoja, mzungu, yu hoi njiani, mbali na kijiji. Giza lilikuwa limeingia. Ruatoka akashika njia, akamkuta mgonjwa hawezi hata kusimama, akambeba mgongoni mpaka nyumbani kwake, na huko akauguzwa.

Alitumika Papua miaka 30 hivi, akafariki huko mwaka 1903.

Wanangu, wako waliofika nchi za watu wakidhani wenyeji hawana la kuwafunza. Hao waliumiza wengi. Ruatoka alikubali kwanza kuwa mwanafunzi wa wale aliotumwa kuwafundisha. Mkitaka mtu asikilize mnachoamini, jifunzeni kwanza lugha yake, mle naye, mumuuguze akiugua. Heshima itangulie mahubiri.