Usinunue Kioo

Anayeingia dukani kununua kitafuta samaki huanza kwa kutazama kioo. Si ajabu, maana kioo ndicho kilichowashwa. Rangi zinameremeta, picha za maonyesho zinapita, samaki wanono wamejipanga juu ya mwamba kana kwamba wameitwa, na inchi tisa zinapendeza kuliko tano. Kifaa kinachofanya kazi yenyewe kimebaki ndani ya boksi, kimezungushiwa nailoni: kipande cha plastiki au cha madini chenye waya mrefu, kiitwacho transdusa. Hicho ndicho kitakachoshuka majini. Kinapiga mlio usiosikika na binadamu, kinanyamaza, kinasubiri mwangwi. Kioo huchora tu kile ambacho transdusa imesikia, na isichokisikia hakichoreki hata ukinunua kioo cha ukubwa wa televisheni.

Maoni yangu nayatoa mapema, asiyekubali aanze kubisha mapema: mwenye fedha za kuhesabu na apunguze inchi za kioo, asipunguze transdusa.

Lakini transdusa ipi? Hapo muuzaji hawezi kukusaidia kabla hujamwambia unavua wapi na unavua nini. Chukua boti za uvuvi wa burudani za pwani ya Kenya, kuanzia Malindi na Watamu hadi Shimoni. Boti ileile inaweza kufanya kazi mbili zisizofanana. Asubuhi inakokota chambo nyuma yake ikitafuta sulisuli, nduaro, fulusi au jodari, samaki wanaopita karibu na uso wa maji. Mchana inasimama juu ya mwamba, mishipi inashushwa chini kutafuta chewa na changu. Ndani ya mwamba wa matumbawe maji ni ya mita chache tu. Ukishatoka nje, sakafu ya bahari huporomoka haraka. Kwenye Mkondo wa Pemba, kina kinafika takriban mita 800.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Katika maji ya chumvi sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mlio unaogonga mwamba mita 30 chini hurudi kabla hujapepesa jicho. Sakafu ikiwa mita 750, safari ya kwenda na kurudi inakula sekunde nzima. Boti inayokimbia kilomita 36 kwa saa husogea mita kumi katika sekunde hiyo moja, na mwangwi unaorudi umechoka. Ndiyo maana boti inayopata picha safi kabisa karibu na fukwe hugeuka kipofu nje ya mwamba, mwenyewe akadhani kifaa kimeharibika.

Kinachoamua hapa kwanza ni masafa ya mlio. Vifaa vingi vya bei ya kati hutumia kilohezi 200 na kilohezi 50. Masafa ya juu hutoa picha yenye ncha kali, hutenganisha samaki wawili waliokaribiana, lakini hufifia upesi majini. Masafa ya chini husafiri mbali ila picha yake ni nzito. Pili ni upana wa mlio wenyewe, ambao hutanuka kadiri unavyoshuka, kama mwanga wa kurunzi. Transdusa moja ya kawaida inaweza kuwa na nyuzi 12 kwa kilohezi 200 na nyuzi 45 kwa kilohezi 50. Katika kina cha mita 20, mlio wa nyuzi 12 unafunika duara la mita nne tu. Ule wa nyuzi 45 unafunika karibu mita 17. Katika mita 100 maduara hayo yanakuwa mita 21 na mita 83.

Mita 83 zinasikika kuwa ushindi, na kwa mtu anayetafuta kundi la samaki ni ushindi kweli. Kwa anayetaka kutia nanga juu ya jiwe moja ni balaa. Samaki anayeonekana kwenye kioo anaweza kuwa mita 40 kutoka ulipo mshipi wako, kushoto au kulia, na kioo hakisemi ni wapi. Tena mlio mpana ukitua kwenye mteremko, kifaa huchora sehemu iliyo karibu nacho zaidi kuwa ndiyo sakafu. Chewa aliyejibanza chini kidogo ya ukingo anamezwa ndani ya mstari huohuo. Ndiyo sababu boti zinazovua kingoni zinahitaji masafa yote mawili, na mvuvi anayejua kuhama kutoka moja hadi jingine.

Vifaa vipya vyenye alama ya CHIRP havipigi mlio wa masafa mamoja. Vinapanda ngazi ya masafa mengi ndani ya mlio mmoja, kisha vinaulinganisha na mwangwi uliorudi. Faida yake si porojo ya matangazo: samaki waliolala karibu na sakafu hutengana nayo vizuri zaidi, na kelele za mashine hupungua kwenye kioo. Tofauti ya bei siku hizi ni ndogo kiasi kwamba sioni sababu ya kununua kipya kisicho nayo.

Halafu kuna wati. “Hii ni wati elfu nne, mzee,” muuzaji atakwambia, na kwenye boksi imeandikwa hivyo kweli. Uliza ni wati za aina gani. Kuna hesabu ya kilele hadi kilele, ambayo hutoa tarakimu kubwa ya kuvutia, na kuna ya wastani, ambayo ndiyo ya kulinganishia kifaa na kifaa. Ya kwanza huwa takriban mara nane ya pili, kwa hiyo elfu nne zile ni 500 tu. Kwa mita 100 au 150, wati 500 au 600 za wastani zinatosha. Anayekusudia kuisoma sakafu kwenye mita mia kadhaa anahitaji wati 1,000 na transdusa iliyotengenezwa kuzibeba. Transdusa hiyo peke yake inaweza kuwa ghali kuliko kioo.

Kifaa chenyewe kina historia ya wavuvi, si ya wapenda starehe. Mwaka 1948, huko Nagasaki, Japani, ndugu wa familia ya Furuno walifanikiwa kuingiza sokoni kitafuta samaki kinachofanya kazi kweli. Kabla ya hapo vipima kina vilikuwepo. Jipya lilikuwa kuamini kwamba mwangwi dhaifu unaotokea kati ya uso wa maji na sakafu si uchafu bali ni samaki. Mwangwi huo kwa sehemu kubwa hautoki kwenye nyama. Unatoka kwenye kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki, kwa sababu sauti hudunda vizuri inapokutana na hewa. Sasa tazama matokeo yake kwetu: chewa ana kibofu, changu anacho. Nguru hana. Papa na taa hawana. Kundi la nguru linaweza kupita chini ya mkuku na kioo kikaonyesha vijidoa hafifu, wakati samaki wadogo wenye vibofu wanawaka rangi nyekundu.

Na sulisuli? Anayekinunua kifaa hiki ili amwone sulisuli atajuta. Mita tano chini ya boti, mlio wa nyuzi 12 una upana wa kama mita moja, na samaki huyo hana haja ya kupita hapo wakati mashine zinanguruma. Kwa wanaokokota chambo, faida ya kifaa ni nyingine: makundi ya vibua na dagaa yanayowavuta wakubwa, ukingo ambapo sakafu inaporomoka, na joto la maji linapobadilika ghafla. Wakati mwingine tabaka la maji ya joto linapokutana na ya baridi huonekana kama ukungu uliolala kwenye kioo. Watalii hudhani ni hitilafu. Nahodha mzuri hulifuata.

Ile michoro ya pembeni na ya chini inayofanana na picha, inayouzwa kwa bei ya juu, hutumia masafa ya kilohezi 455 na 800. Kwenye hori la Kilifi au la Mida, au Ziwa Victoria ambalo kina chake kirefu ni kama mita 80, ina maana. Nje ya mwamba haina.

Ramani ya GPS, kinyume chake, ningeilipia bila kusita. Mwamba uliopatikana leo huwekwa alama na kurudiwa kesho, jambo ambalo wazee walilifanya kwa kulinganisha vilima na minazi ya nchi kavu. Tena mipaka ya hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haikuchorwa majini, na ndani ya hifadhi hakuna kuvua.

Nimeiacha boti yenyewe hadi sasa, ingawa ndiyo inayoharibu vifaa vizuri vingi. Boti ya faiba yenye ganda zima, lisilo na povu wala mbao katikati, inakuruhusu kugundisha transdusa ndani, mlio ukapenya bila kutoboa chochote. Utapoteza nguvu kiasi, na kipimajoto hakitasoma bahari kwa kuwa hakiigusi. Boti ya mbao haitaki transdusa ya plastiki ya kupitishwa kwenye tundu: mbao ikinywa maji hutanuka, na plastiki ikapasuka. Hapo weka ya shaba nyeusi. Shaba hiyohiyo usiipeleke kwenye boti ya alumini, maana madini mawili yakikutana katika maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Tumia plastiki, au chuma kisichoshika kutu kilichokingwa kisigusane na mwili wa boti.

Wengi huifunga nyuma, kwenye tezi, kwa sababu ni rahisi. Sawa, ila povu ni adui, kwani hewa inayodundisha sauti ndani ya samaki huidundisha pia ikiwa mbele ya transdusa. Ikae mbali na propela, mbali na mifereji ya chini ya boti na matundu ya maji. Propela nyingi za boti za mashine moja huzunguka kuelekea kulia ukizitazama kutoka nyuma, kwa hiyo upande wa kulia, ambako pala zinashuka, povu ni pungufu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na boti inaruka, hata mahali pazuri patapoteza picha. Punguza mwendo kabla ya kulaumu kifaa. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, usichangie njia na mashine. Na kama unapaka rangi ya kuzuia viumbe kuota chini ya boti, uso wa transdusa upake ile ya maji, kwa kuwa vimumunyisho vikali huudhuru.

Kioo nacho kina sharti moja: kitazamwe juani, na uwe umevaa miwani yako ya bahari. Baadhi ya vioo huwa vyeusi kabisa mbele ya miwani ya kuzuia mng'ao.

Kikishafungwa, kitu cha kwanza ni kuzima vile vijipicha vya samaki. Kifaa huvibandika juu ya chochote kinachoelea, hata majani na mapovu, na kukuacha na michoro ya kufurahisha watoto. Mwangwi halisi husomwa hivi: ukingo wa kulia wa kioo ndio sasa, vyote vingine ni vilivyokwisha kupita. Boti ikipita juu ya samaki, anachorwa kama upinde. Boti na samaki wakitulia pamoja, anachorwa mstari mrefu, na urefu huo hausemi lolote kuhusu ukubwa wake. Tazama unene. Sakafu ya tope huwa ukanda hafifu, ya mwamba huwa nene na mara nyingi hutoa sakafu ya pili chini yake, mwangwi uliopanda hadi usoni ukarudi tena. Mabaharia wa zamani walipaka mafuta chini ya bildi, yaani timazi ya kupimia kina, ili ipande na chembe za sakafu, wajue kama ni mchanga au tope. Sakafu hiyo ya pili inakupa habari hiyohiyo, mradi usiifute kwa kupunguza nguvu ya kupokea mpaka kioo kionekane kisafi.