Kiboko wa Berlin

Berlin ni mji mkuu wa nchi ya Ujerumani, huko Ulaya. Ndani ya mji huo kuna bustani kubwa ya wanyama. Ilifunguliwa mwaka 1844, nayo ni ya kwanza kujengwa katika Ujerumani.

Mgeni hununua tiketi, kisha anapita katika mlango wa ajabu. Tembo wawili wa jiwe wamelala chini, huku na huku, nao wamebeba nguzo za mlango migongoni. Ndani anaona simba, twiga, sokwe na ndege wa rangi nyingi. Kila mnyama ana mahali pake. Wakati wa baridi, theluji inapoanguka, wanyama wa nchi za joto huingizwa katika nyumba zenye moto, wasife.

Watoto hupenda sana nyumba ya viboko. Mtoni kwetu mtu huona masikio, macho na pua ya kiboko tu, mwili wote umo majini. Lakini Berlin ziwa la viboko lina ukuta wa kioo kinene. Mtoto akisimama mbele yake, anamwona kiboko chini ya maji. Tazama, haogelei kama samaki! Anatembea chini kabisa, akiruka polepole kama mtu anayecheza.

Karibu na nyumba hiyo kuna sanamu ya kiboko mmoja. Jina lake aliitwa Knautschke. Kwa nini watu walimfanyia sanamu? Sababu ni hii.

Knautschke alizaliwa katika bustani hiyo mwaka 1943, wakati wa vita kuu ya pili. Mwezi wa Novemba mwaka ule ndege za vita zilitupa mabomu mengi juu ya Berlin. Nyumba za wanyama zilibomoka na kuungua. Mnyama wa porini akiona moto hukimbia, lakini mnyama aliyefungwa akimbilie wapi? Wengi walikufa. Kabla ya vita bustani ilikuwa na wanyama zaidi ya 3,000. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu walihesabu waliobaki: 91 tu. Mmoja wao alikuwa tembo Siam, na mwingine yule kiboko mdogo, Knautschke.

Siku zile watu wa Berlin wenyewe walikuwa na njaa. Walikata miti ya mji wapate kuni, na mahali pake wakapanda viazi. Hata hivyo hawakuiacha bustani yao. Mwanamke mmoja mwenye elimu, Katharina Heinroth, aliwekwa kuwa mkubwa wake, akaiongoza mpaka mwaka 1956. Nyumba zilijengwa tena, moja baada ya moja. Knautschke alikua, akawa dume kubwa, akazaa watoto. Binti yake Bulette alizaliwa mwaka 1952, akaishi mpaka mwaka 2005. Baba mwenyewe alikufa mwaka 1988. Watu walimpenda kwa sababu alipita katika taabu ileile waliyopita wao.

Je, mambo hayo ni ya Ulaya tu? Hapana. Katika Kongo, kando ya ziwa Edward, iko Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kati ya mwaka 1970 na 1980 viboko wake walikuwa zaidi ya 20,000. Baadaye vita vilikuja. Watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Mwaka 2006 hawakufika hata 1,000. Wavuvi nao walipata hasara, maana mavi ya kiboko hulisha vijidudu vya majini, na vijidudu hulisha samaki.

Kiboko ana nguvu nyingi, hata simba humwogopa. Lakini mbele ya bomu na bunduki hana nguvu. Awe nyuma ya kioo, awe mtoni, maisha yake yamo mikononi mwa watu. Mkono unaoharibu hufanya kazi kwa siku moja. Mkono unaotunza hufanya kazi miaka mingi.

Maswali

1. Wanyama wangapi walibaki katika bustani ya Berlin mwaka 1945?
2. Kwa nini watu wa Berlin walimpenda Knautschke?
3. Viboko wakiisha ziwani, wavuvi wanapata hasara gani?