Mlango wa Soko la Hisa Ukiachwa Wazi

Katika semina za uwakili majimboni swali moja limekuwa likirudi: je, ni vizuri wageni kununua hisa za makampuni yetu bila kikomo? Wanaouliza ni wajumbe wa kamati za fedha ambao sharika zao zimeweka sehemu ya akiba katika hisa, kwa hiyo swali linawagusa moja kwa moja.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL. Wageni waliruhusiwa mwaka 2003, lakini kwa pamoja wasizidi asilimia 60 ya hisa za kampuni. Kikomo hicho kiliondolewa Septemba 2014. Kenya nayo iliondoa cha kwake mwaka 2015.

Faida ipo, tusiikatae. Ugonjwa wa soko dogo ni uchache wa wanunuzi. Mwenye hisa anaweza kusubiri muda mrefu bila kupata wa kumuuzia. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa shilingi 850 kila moja, na mwanzoni zilitengwa kwa Watanzania peke yao. Hazikumalizika. Muda uliongezwa, wageni wakaruhusiwa, ndipo zikanunuliwa zote. (Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya hiyo 850, jambo lililowashangaza wengi waliodhani hisa hupanda tu.)

Hatari iko kwenye aina ya fedha inayoingia. Mgeni anayejenga kiwanda hawezi kukibeba akaondoka nacho. Anayenunua hisa anaweza kuuza asubuhi na kuagiza fedha zake zirudishwe kwao. Tena mara nyingi haondoki kwa sababu kampuni yetu imeharibika, bali kwa sababu riba imepanda Marekani au hofu imezuka nchi jirani.

Malaysia iliyaona hayo. Mwanzoni mwa 1997 kipimo cha bei za hisa Kuala Lumpur kilikuwa juu ya 1,200. Julai mwaka huo sarafu ya Thailand ilianguka, wawekezaji wakaanza kukimbia eneo zima, na kufikia tarehe 1 Septemba 1998 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi karibu 262. Siku hiyo serikali ilizuia fedha za wageni zilizowekwa kwenye hisa zisitoke kabla ya miezi 12. Wataalamu wengi waliilaumu, lakini uchumi wake ulianza kukua tena mwaka 1999. Karibu na kwetu, tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, soko la Nairobi lilisimamisha biashara kwa muda baada ya bei kuporomoka.

Hata usharika usio na hisa hata moja unaguswa. Mgeni akiuza hulipwa shilingi, naye huzipeleka kununua dola. Wakifanya hivyo wengi kwa pamoja, shilingi hushuka na dawa za zahanati kutoka nje hupanda bei. Wafadhili wetu wanaotuma euro au dola waelewe jambo hili: mchango uleule utaonekana umeleta shilingi nyingi zaidi kwenye hesabu, huku vifaa vinavyonunuliwa vikiwa vilevile au pungufu.

Kwa maoni yangu, mlango usifungwe, ila kanuni ya kumtaka mgeni akae na hisa kwa muda fulani ingetufaa kuliko uhuru mtupu. Hilo ni la serikali. Lililo mikononi mwa baraza la wazee ni hili: fedha za paa linaloezekwa mwakani zisiwekwe kwenye hisa kabisa. Fedha zisizohitajika kwa miaka mitano au zaidi zinaweza kuwekwa, baada ya kumwuliza dalali mambo mawili: kati ya hisa zinazouzwa na kununuliwa kila mwezi, za wageni ni kiasi gani, na kampuni imelipa gawio miaka mingapi mfululizo.