Vipimo Safi, Mgonjwa Hoi!

Saa nane usiku, teksi inafunga breki geti la hospitali mjini Moshi. Anashushwa dada kutoka Pasua, kashikwa kwapani huku na huku. Moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, vidole vimekufa ganzi, anasema anakufa. Anapimwa presha, malaria, sukari na moyo. Majibu? Safi kabisa!

Hapo ndipo kasheshe huanza. Shangazi anasema mtoto kachezewa. Kaka mtu, aliyekatizwa usingizi na kulipishwa teksi, anasema huyo anadeka tu. Na wapo manesi wanaomuunga mkono kaka!

Hadeki jamani. Mtu akibanwa na hofu kali mwili humwaga adrenalini, ile ile ya kukimbizwa na mbwa. Moyo unadunda, anahema haraka haraka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, midomo na vidole vinakufa ganzi. Ganzi ni ya kweli, ila eksirei haiioni. Wengine huumwa tumbo miezi mizima, au huanguka kama wenye kifafa wakati umeme wa ubongo hauna hitilafu.

Kisa kinachojulikana dunia nzima ni cha hapa hapa kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, Uhuru haujatimiza miezi miwili, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni, Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka. Si kicheko cha stori, msomaji. Ni kucheka na kulia, kinakata, kinarudi. Walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana wakarudi makwao, na kule Nshamba wakapatwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walisema walipima damu na hata maji ya uti wa mgongo, hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Leo watu wanakisimulia kama kichekesho, wakati baadhi ya wagonjwa walisema wanahisi kuna mtu anawakimbiza.

Huku kwetu mlimani, ugonjwa ukiwashinda, wazee waliuliza: nyumbani kuna ugomvi gani? Jani la isale likapelekwa, watu wakaombana msamaha. Sisemi isale linatibu malaria! Ila swali lile lina akili kuliko "anadeka". Huenda dada ana mtihani, kafiwa, au mume ana mkono mwepesi. Hayo hawezi kuyatoa mbele ya kaka yake.

Msinielewe vibaya. Kifua kikibana huku jasho linatoka, au upande mmoja wa mwili ukilegea, kimbia hospitali, usijiambie ni mawazo. Vipimo kwanza. Vikitoka safi, usikubali kufungashiwa dawa za malaria usiyokuwa nayo ili mradi uondoke. Waombe ndugu wasubiri nje. Ukitumwa kwenye idara ya magonjwa ya akili, nenda. Hujaitwa kichaa, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, inao madaktari wa kazi hiyo. Kabla hujainuka kitini muulize daktari: kama si moyo, ni nini, na nirudi lini?